Bugenvile ya mu ndoo: ikate mwezi wa 9, usiiguse mwezi wa 5

Katika makartiye ya wafanyakazi wa mines, ndoo ya bugenvile iko karibu mbele ya kila mulango. Wengi wetu tunaikataka wakati wowote, kwa panga au kwa mukasi wa kushona, kisha tunashangaa kwa nini haitoe maua. Kwa wengine ni haya ya majirani tu. Kwa wengine ni chakula na masomo ya watoto. Hii hapa ni mambo tuliyojifunza, wakati wa kukata na kiasi cha kukata.

Wandugu wasomaji, jambo hili lilianza katika mukutano wa sendika. Siku ile tulikuwa na mambo mazito ya kuzungumuza: kontra za miezi mitatu mitatu, masaa ya ziada yasiyolipwa, na ndugu zetu wa sous-traitance wenye kuvaa boti zilizotoboka. Ku mwisho tuliuliza kama kuko mutu mwenye neno lingine. Mama mumoja aliinua mukono. Ni muke wa kamarade wetu ambaye kontra yake haikufanywa upya. Tulizani atasema juu ya feza za mwisho ambazo bwana yake angali anangojea. Yeye akasema:

— Ba papa, mimi niko na swali ya maua.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alieleza kwamba tangu bwana yake alikosa kazi, maua njo inalipaka minerval ya watoto wao wawili wa segonderi. Anauzishaka bugenvile katika ndoo, kando ya barabara. Wateja wanakuja sana wakati wa kipwa, juu ile miezi njo ya ndoa, njo ya sikukuu ya 30 mwezi wa 6, na njo ya watu wenye kumaliza kujenga. Sasa mwaka ule, ku mwisho wa mwezi wa 4, alichukua mukasi akapunguza ndoo zake zote, makumi mbili na ine, ili zikuwe na umbo nzuri mbele ya wateja kufika. Umbo lilikuwa nzuri kweli. Lakini mwezi wa 5 ulipita, wa 6 ukapita, wa 7 ukapita: majani tu. Maua yalitokea ku mwisho wa mwezi wa 8, wakati ndoa zilikuwa zimekwisha na masomo yalikuwa karibu kuanza.

— Ni mbolea mubaya? Ao ni mutu alinifanyia kitu?

Hapana, mama. Hakuna mutu aliyekufanyia kitu. Ni kalenda.

Jibu hilo halikutoka kwetu siye wenyewe. Lilitoka kwa muzee mumoja aliyekaa ku nyuma ya chumba, mupensione ambaye alitumika miaka mingi katika bustani za nyumba za wakubwa wa kampani. Tulimwomba atufundishe. Tulienda kwake siku za yenga mara nyingi, tukajaribu katika malupango yetu, tukaua bugenvile mbili tatu kwa kukosa akili, na leo tunaandika ili ninyi musiue zenu.

Kwa nini tunapanda mu ndoo

Mutu mwenye lupango lake anapanda bugenvile mu udongo, karibu na lupangu la matofali ao ku geti. Pale mizizi inashuka mbali, muti unapanda metre sita, nane, unafunika hata paa la nyumba. Ule unaweza kuukata vibaya namna gani, utarudia tu, juu chini yake kuko akiba kubwa.

Siye wengi hatuko na lupango. Watu wa umri wetu wanakumbuka mwaka wa 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika ile mupango iliyoitwa «départs volontaires». Tangu wakati ule vijana wengi walioingia mu mines waliingia kwa kontra fupi. Unapanga nyumba Likasi, kisha kazi inaisha, unahamia Fungurume, kisha Kolwezi. Muti uliopanda mu udongo unabakia kwa mwenye nyumba. Ule wa mu ndoo unaupakiza pamoja na kitanda na masufuria. Ndiyo sababu makartiye yetu yamejaa ndoo, mabidoni yaliyokatwa katikati, mabeseni yaliyopasuka na mipira ya magari.

Lakini ndoo iko na sheria yake. Mizizi imefungwa. Inakula tu kile unachoitilia, inakunywa tu kile unachoimwangia. Kama juu ya muti ni kubwa kupita ndoo, mambo matatu yanatokea. Kwanza, mwezi wa 10, wakati jua ni kali kupita miezi yote, udongo unakauka kwa siku moja, na maji yale ni maji ya bidoni tunayobeba ku kichwa ao kununua. Pili, upepo wa mvula za kwanza unaangusha ndoo, tawi linavunjika ku shina. Tatu, muti unatumia nguvu yake yote kwa kulisha matawi marefu yasiyo na kitu, na maua yanakuwa machache ku ncha tu, kule juu ambako hata mutu hayaoni.

Kwa hiyo bugenvile ya mu ndoo inapashwa kukatwa. Ile ya mu udongo unaweza kuisamehe mwaka, miaka miwili. Ya mu ndoo, hapana.

Ile tunaita ua, si ua

Mbele ya kushika sekateri, angalia muti vizuri. Ile rangi tunayopenda, nyekundu, zambarau, rangi ya machungwa ao nyeupe, ni majani. Ni majani matatu membamba kama karatasi, yaliyobadilika rangi. Ua la kweli ni kile kitu kidogo cheupe katikati, kama karavati ndogo, na mara nyingi ni vitatu pamoja.

Muti huu ni mugeni kwetu. Ulitoka Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1767, mujuzi wa mimea mufaransa Philibert Commerson aliuona karibu na Rio de Janeiro, katika Brazil, wakati wa safari ya mashua za Louis-Antoine de Bougainville, na ndiyo jina la mukubwa ule wa safari tunalotaja mupaka leo. Lakini muti umezoea Katanga kabisa, juu unapenda vitu viwili ambavyo siye tuko navyo: jua nyingi na miezi mirefu bila mvula.

Sasa sikia jambo lenye kubeba mambo yote mengine: bugenvile inatoaka maua ku tawi jipya. Tawi la zamani, gumu, la rangi ya udongo, halitoi ua lenyewe. Linatoa tawi changa, na ku ncha ya tawi changa njo maua yanatokea. Kukata ni kuomba matawi mapya. Unakata tawi moja, jicho mbili ao tatu chini ya kidonda zinafunguka, unapata matawi mawili ao matatu. Ncha tatu pahali pa ncha moja, ni kusema maua mara tatu.

Lakini tawi changa linaomba wakati ili likomae. Tangu siku unakata ncha mupaka siku maua yanafunguka, hesabu karibu miezi miwili kama kuko joto na jua. Kama ni baridi, hesabu zaidi. Na kuko jambo lingine: bugenvile inapenda kutoa maua wakati usiku ni murefu na udongo ni mukavu kidogo. Huku kwetu ule wakati unaanza mwezi wa 4, wakati mvula inaaga na siku zinafupika, na unaendelea katika kipwa.

Sasa rudia kwa yule mama. Alikata ku mwisho wa mwezi wa 4. Alitosha zile ncha zote zilizokuwa tayari kutoa maua. Muti ulianza tena, lakini ulianzia katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, wakati bugenvile haina haraka ya kukua. Ndiyo maana majani tu mupaka mwezi wa 8. Muti haukuwa mugonjwa. Ulikuwa unalipa lile kosa la mukasi.

Kukata kukubwa: mwezi wa 9

Kuko kukata kwa namna mbili: kukubwa na kudogo. Ya kwanza inafanywa mara moja tu kwa mwaka. Huku kwetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, wakati wake ni mwezi wa 9, mupaka mwanzo wa mwezi wa 10. Baridi imekwisha, joto linapanda, maua ya kipwa yamekwisha kuanguka, na mvula inakaribia. Muti unakutana na kisu wakati iko na nguvu ya kuamuka. Wiki mbili tatu kisha, unaona macho mekundu madogo yanatoka kila pahali, na mvula za kwanza zinayakuta.

Usifanye kukata kukubwa mwezi wa 6 wala wa 7. Tunajua, wakati ule mutu iko na nafasi, jua si kali, anapenda kusafisha lupango. Lakini muti uliokatwa sana katika baridi unalala. Na katika mabonde, pahali ambapo baridi ya usiku inaungua hata majani ya viazi, machipukizi membamba yatakufa. Tena usifanye katikati ya mvula kubwa, mwezi wa 1. Hautakufa, lakini utatoa mafimbo marefu yenye majani tu, na utakuwa umepoteza kazi ya miezi mitatu.

Ni kiasi gani? Angalia umri na nguvu ya muti.

Muti wa mwaka moja ao miwili: punguza sehemu moja kwa tatu ya kila tawi. Kama tawi ni la sentimetre 60, tosha 20. Usiwe mukali. Bado unajenga mifupa.

Muti wa miaka mitatu na zaidi, wenye shina gumu na nguvu: kata nusu. Watu wanaogopaka hapa. Muke ao bwana anatoka mu nyumba anasema: «Umeua maua yangu!» Ngoja wiki tatu, utaona kama imekufa.

Muti ulioachwa miaka mingi, wenye kuwa na shina tupu chini na kichaka juu: unaweza kuushusha mupaka sentimetre 30 juu ya udongo. Bugenvile yenye afya inarudia hata ku muti wa zamani. Lakini kama inaonekana zaifu, majani ya manjano, matawi mengi yamekauka, usifanye yote kwa siku moja. Kata nusu ya matawi mwaka huu, ile nusu ingine mwaka kesho.

Ile yenye majani ya rangi mbili, kijani na nyeupe, haina nguvu sawa ya kijani kamili. Ipunguze kidogo tu, sehemu moja kwa tatu, hata kama ni kubwa. Na ukiona tawi lake limerudia kuwa kijani kabisa, litoshe mupaka ku shina, juu litamaliza zile zingine.

Kuko njia nyepesi ya kupima: kisha kukata, urefu wa muti usipite mara moja na nusu urefu wa ndoo. Muzee alikuwa anatumia mukono wake. Alikuwa anaweka kiwiko ku mudomo wa ndoo, anainua mukono, na pale vidole vinafika anakata.

Kukata kudogo: ncha tu, mupaka katikati ya mwezi wa 3

Kisha kukata kukubwa, mvula inaanza na muti unakimbia. Hapa njo watu wengi wanalala. Wanaacha muti unapanda wenyewe tangu mwezi wa 10 mupaka wa 4. Unakuwa fimbo sita ndefu zenye miiba.

Kazi ni ndogo. Kila tawi changa likifika urefu wa mukono mumoja, karibu sentimetre 25 ao 30, kata ncha, sentimetre mbili tatu tu. Wakati tawi ni laini, unaweza kuvunja kwa ukucha. Rudilia hivyo kila wiki ine ao sita. Mwanzo ulikuwa na matawi matano. Katika mwezi wa 3 utakuwa nayo makumi tatu ao ine, mafupi, yenye kujaa.

Pale unaacha. Mara ya mwisho ya kugusa ncha iwe katikati ya mwezi wa 3. Kwa mwenye kuchelewa, ku mwisho wa mwezi huo, hapana zaidi. Tangu pale mupaka maua yafunguke, sekateri ikae mu sanduku. Hata kama tawi moja linapita zingine, hata kama jirani anakucheka. Lile tawi linalokusumbua mwezi wa 5 njo limebeba maua ya mwezi wa 6.

Maua yakinyauka, kata kidogo tu chini yake, sentimetre tano ao kumi, kwa kusafisha. Zile aina zenye maua ya kubandana hazianguke zenyewe. Zinakauka ku muti kama karatasi za zamani, kwa hiyo zitoshe kwa mukono. Kama muti una nguvu na uko mu jua, unaweza kupata maua mara ya pili mbele ya mwezi wa 9.

Ku sendika tunajua lile neno «kukata» vizuri. Tumeona wakubwa wanaokata watu mwezi huu, wanakata tena mwezi unaokuja, kisha wanauliza kwa nini kazi haipande. Muti nao uko vile. Ukiukata kila wakati, hauna siku ya kutoa maua. Kukata bila kalenda ni kuharibu tu.

Namna ya kushika kazi

Mbele ya yote, vaa maganti ya kazi na miwani. Miiba ya bugenvile ni mirefu, imepinda, na inaingia katika ngozi na kuvunjikia mule. Watu wengine, maji ya muti inawawashaka ngozi. Siye tunaohubiri kila siku kwamba mufanyakazi asishuke mu chimo bila vyombo vya kumulinda, tusifanye kinyume ku nyumba. Kamarade mumoja alikata bila miwani. Tawi lilirudia kwa nguvu, mwiba ukapita sentimetre moja tu chini ya jicho.

Tumia sekateri ao kisu chenye makali sana. Panga inapondaka tawi, na pahali palipopondwa panaoza. Safisha chuma kwa alkoli ao kwa moto mbele ya kupita ku muti mwingine.

Anza kwa kutosha matawi yaliyokufa. Ukikwangula ngozi yake kwa ukucha na chini ni kavu, rangi ya udongo, limekufa. Kama ni kijani, ni zima. Kisha tosha yale yanayopitana na kusuguana. Kisha yale mafimbo yenye nguvu yanayotoka chini kabisa ku shina, juu yanakula bila kurudisha kitu. Ku mwisho njo unapunguza urefu. Kata juu kidogo ya jicho, nusu ya sentimetre, kwa kuinamisha, ili maji isikae ku kidonda. Chagua jicho linaloangalia inje, si ndani, na muti utafunguka kama kikapo.

Matawi yaliyokatwa usiyatupe mu njia. Watoto wanapita bila viatu, na mipira ya pikipiki inatoboka. Zaidi ya hayo, kuko feza mule. Chukua matawi magumu ya unene wa kalamu, yakate kwa sentimetre 15 ao 20, tosha majani yote, na yapande katika mchanga wenye maji kidogo, mu kivuli. Hayataota yote. Kisha miezi miwili mitatu, yale yanayoota yanakuwa miti ya kuuzisha mwaka unaofuata. Ndoo moja kubwa iliyokatwa mwezi wa 9 inaweza kutoa vijiti makumi mbili.

Kisha kukata, punguza maji

Hapa njo tuliua zile zetu. Muti wenye majani mia tano unakunywa sana. Umeukata, umebakia na majani makumi tano, lakini wewe unaendelea kumwanga bidoni sawa na mbele. Nani atakunywa ile maji? Inabaki mu udongo, mizizi inaoza, na machipukizi ambayo yalianza kutoka yanakuwa meusi. Watu wanasema kisu kiliua muti. Ni maji.

Ingiza kidole mu udongo. Kama sentimetre tatu za juu ni kavu, mwanga mupaka maji itoke chini, kisha acha. Kama kuko maji, pita. Kisha matawi mapya yakiwa na majani, ongeza polepole. Na wakati wa maua, mwezi wa 4 kuendelea, rudilia kuwa mugumu kidogo: acha majani yaanze kulegea mbele ya kumwanga. Ile kiu ndogo inausukuma muti kutoa maua.

Mbolea, weka kidogo wakati machipukizi yanatoka. Usichukue ile ire ya mahindi na kumwanga mingi. Ire inaleta majani. Utapata kichaka kijani kizuri bila ua hata moja. Samadi ya zamani inatosha, na majivu kidogo kabisa.

Kila mwaka wa tatu hivi, mizizi inajaza ndoo yote na maji inapita pembeni bila kuingia. Fanya kazi yote siku moja na kukata kukubwa: tosha muti polepole, juu mizizi yake inavunjika bure, punguza mizizi ya inje sehemu moja kwa ine, badilisha udongo, rudisha. Weka mu kivuli wiki mbili, kisha urudishe mu jua kamili. Bila jua ya masaa sita kwa siku, kukata kote hakuna faida. Na wale wanaokaa kando ya njia ya makamyo ya mines, osheni majani kwa maji mara kwa mara. Vumbi linafunika majani kama pazia.

Ndoo gani, udongo gani

Neno hili ni la sendika kabisa, tunaomba mulisome mara mbili.

Usilete ku nyumba bidoni ao pipa lililotoka mu kazi lenye kubeba asidi ao dawa za kusafishia mawe. Hata kama umeliosha mara kumi. Hata kama mulinzi amekupatia bure. Sumu inabakia mu plastiki, na ile ndoo leo ni ya maua, kesho muti unakufa, mutoto analichotea maji. Tumeona pipa kama hilo katika jiko. Chukua ndoo ya rangi ya nyumba iliyooshwa, beseni, mupira wa gari, bidoni ya mafuta ya kula. Toboa matundu matano sita chini. Bila matundu, bugenvile itakufa katika mvula ya kwanza.

Udongo vilevile. Usichimbe mu mabaki ya mine, wala pahali ambapo majani hayaoti. Pahali majani yenyewe yamekataa, kuko sababu. Na udongo wa kichuguu, ambao wengi wanaupenda, usiutumie peke yake: unashikamana kama simenti na uko na chokaa, majani yanakuwa manjano. Changanya udongo mweusi wa kawaida sehemu mbili, mchanga sehemu moja, samadi ya zamani sehemu moja.

Mama alifanya nini

Mwezi wa 9 uliofuata, mama alikata. Hakuamini sana, kwa hiyo alikata nusu ya ndoo zake, kumi na mbili, na zile zingine aliziacha kama zilivyo. Majirani walimwambia kwamba sendika imemudanganya. Tatu zilikufa, juu aliendelea kumwanga maji nyingi. Zile tisa zilizobakia alizikata ncha katika mvula, akaacha katikati ya mwezi wa 3. Bwana yake alitaka kuzisawazisha mwezi wa 5 ili zipendeze; mama alificha sekateri chini ya kitanda.

Mu wiki ya mwisho ya mwezi wa 5 zilianza kubadilika rangi. Mbele ya 30 mwezi wa 6 alikuwa amekwisha kuuzisha saba, na kila mutu aliyepita alikuwa anaulizia kwanza zile, si zile ambazo hazikukatwa. Mbili alizibakisha kwa kutosha vijiti. Kisha alikuja ku mukutano, safari hii bila swali.

— Ba papa, minerval ya mukubwa imelipwa yote. Ya mudogo, nusu.

Watu walipiga mikono. Lakini tusidanganyane. Nusu ni nusu. Bugenvile hailipe mushahara wa mutu aliyetumika na hakulipwa haki yake, na ile feza ya mwisho ya bwana yake tungali tunaifuata ku biro kwa biro. Tutaendelea kuifuata. Wakati tunangoja, mutu akiwa na ndoo tano mbele ya mulango, heri ajue siku ya kukata na siku ya kuacha.

Kalenda ya kukata na kubandika ku ukuta

Mwezi wa 9 mupaka mwanzo wa wa 10: kukata kukubwa. Muti muchanga, sehemu moja kwa tatu. Muti muzima, nusu. Wa zamani ulioachwa, mupaka sentimetre 30. Maji kidogo. Kila mwaka wa tatu, badilisha udongo. Panda vijiti.

Mwezi wa 11 mupaka katikati ya wa 3: ncha tu, kila tawi likifika sentimetre 25 ao 30. Mbolea kidogo, hapana ire mingi.

Katikati ya mwezi wa 3 mupaka maua: usiguse. Jua nyingi. Kuanzia mwezi wa 4, punguza maji.

Mwezi wa 6 mupaka wa 8: tosha maua yaliyokauka, sentimetre tano ao kumi tu. Hapana kukata sana mu baridi.

Mwenye swali alilete ku mukutano. Hatutacheka tena.